Amina ya Maguniani

Siku Mahakama ya Juu iliposema kwamba hata kibanda cha mabati ni nyumba, na kwamba mwenye kibanda havunjiwi kabla hajasikilizwa, watu wa Maguniani walicheza mpaka mbwa wakahama kijiji. Kesi yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa ya watu wengine kabisa, wa mtaa mwingine, ambao nyumba zao zilishabomolewa zamani na wenyewe wakatawanyika, hata wakili wao akapata kazi ngumu kuwatafuta awape habari njema kwamba wameshinda. Lakini hukumu ni hukumu bwana. Iliwafaa wote, na Maguniani waliihitaji kuliko mtu yeyote hapa Ruiru, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hati ya kiwanja.

Maguniani ni kile kijiji kilichobanwa kati ya mabaki ya shamba la kahawa na magorofa mapya ya Gatongora. Waliokianzisha walikuwa vibarua wa kahawa. Waliezeka kwa magunia, na jina likabaki hata mabati yalipokuja. Siku hizi wanakaa humo watu wa viwandani, wauza mboga na mafundi, wenyeji pamoja na waliotoka magharibi, wote wakigombania bomba moja la maji siku sita na kukutana kanisani siku ya saba. Kila mtu pale anajua kuomba, na aliyejua kuwashinda wote alikuwa mzee Gachau.

Huyu Gachau, nisikufiche, alikuwa na kipaji. Maombi yake yalikuwa na utangulizi, yakapanda, yakatulia, yakapanda tena, na mwishoni hata mlevi aliyekuwa anapita njia angevua kofia. Matanga hayakuanza bila yeye. Ruracio, yale mazungumzo ya mahari, haikufungwa bila yeye. Walipozindua choo cha shule ya msingi walimwita, akaomba mpaka mwalimu mkuu akalia, choo hakijaingiwa na mtu. Akina mama walikuwa wakisema, Gachau akishaomba mvua, wewe anua nguo. Naye alikuwa anasikia, na alikuwa anapenda kusikia.

Ila nje ya maombi hakuwa na neno. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Thika hakuwahi kumjibu msimamizi. Kwenye baraza hakuuliza swali hata siku moja. Akiona mtu mwenye tai na kalamu mfukoni, ulimi unamkauka, anabaki kusema "ni sawa, ni sawa." Mkewe, Ngina, alikuwa anamwambia kila mara, "Baba Wamboi, wewe na Mungu mnaelewana sana. Ni na watu ndio shida."

Na alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kupoteza: nyumba yake. Vyumba viwili vya mabati na sakafu ya simiti, alivyovijenga kidogo kidogo, bati moja mshahara huu, bati jingine mshahara ule. Hakuwa na shamba Murang'a kama wenzake wanavyojisifu, wala ploti Juja. Binti yao Wamboi alizaliwa mle, akaolewa kutoka mle, na Gachau alikuwa amemwambia Ngina kwamba wao nao watatoka mle wakiwa wamebebwa. Ikivunjwa ile nyumba, wazee wale wawili hawakuwa na mahali pa kuweka hata sufuria.

Basi kwenye ile sherehe ya hukumu ni nani aliyeomba? Aliwashukuru majaji mmoja mmoja, akaishukuru Katiba, akakishukuru Kifungu cha Arobaini na Tatu, kile cha haki ya makao, kwa jina, kama vile kilikuwa mzee wa kanisa. Watu wakasema Amina. Wakarudi nyumbani, wakalala wakijua kwamba tingatinga sasa halina meno.

Halikuwa na meno kweli. Lilikuwa limejifunza adabu.

Zamani tingatinga lilikuja alfajiri, bila hodi, na polisi nyuma yake. Baada ya hukumu alikuja kwanza Bwana Mugo. Kijana msafi, koti la kung'aa la mradi, viatu vya kazi ambavyo havijawahi kufanya kazi. Alisimama katikati ya Maguniani akasalimia wazee kwa mikono miwili. Akasema kuna mradi: soko la kisasa na maegesho ya magari, mahali hapa hapa tuliposimama. Watu wakaanza kunguruma. Yeye akainua mkono, akatabasamu.

"Wazazi wangu, msiwe na wasiwasi. Mambo ya kuvunjia watu yaliisha. Mahakama ya Juu imesema lazima muulizwe, na sisi tunaheshimu sheria. Tutakuwa na pablik patisipesheni. Mtakuja wote. Mtasikilizwa."

"Wapi?" akauliza Jentrix, mama Calvince, aliyeuza omena na ugali pale kwenye kona na ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Mama wa Kibukusu huyo, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Chania, mama. Ile hoteli ya zamani ya pale maporomoko. Basi litawachukua."

"Na mbona tusisikilizwe hapa hapa? Masikio yenu hayajui njia ya Ruiru?"

Watu wakacheka. Mugo naye akacheka, maana alikuwa amefundishwa kucheka. "Mama, tumetaka mpumzike kidogo. Kutakuwa na chai. Kutakuwa na lanchi. Kuku."

Sasa hapo, ndugu msomaji, ungewauliza watu wa Maguniani kama wanaijua haki yao ya makao, wangekuambia wanaijua. Lakini haki ya makao hawakuwa wamewahi kuionja, na kuku walimjua. Siku ya mkutano kijiji kizima kilivaa nguo za Jumapili. Gachau alivaa suti yake ya arusi ya Wamboi. Hata Jentrix, na maneno yake yote, alifunga kioski.

Hotelini walivalishwa vitambulisho shingoni, kila mtu na jina lake, wakajiona wa maana sana. Walipewa chai na soseji. Nje maporomoko yalikuwa yanavuma, ndani Mugo alikuwa anavuma zaidi. Aliwasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, akaanza kueleza kwa Kizungu. Alieleza asubuhi yote. Picha zilionyesha soko linalong'aa, na ndani yake watu wembamba wenye mikoba, hakuna hata mmoja anayefanana na mtu wa Maguniani. Kila Jentrix alipoinua mkono, Mugo alimwambia kwa heshima zote, "Mama, maswali tutayachukua mwishoni." Kwenye kona kijana mmoja alikuwa anarekodi kila kitu kwa kamera.

Mwisho ulipofika, harufu ya kuku nayo ikafika. Milango ya jikoni ilikuwa wazi na wahudumu wamejipanga na vyombo. Jentrix akainua mkono tena.

"Mama, maswali baada ya lanchi," akasema Mugo. "Tusile chakula kikiwa baridi. Lakini hatuwezi kula bila kumshukuru Mungu. Nimeambiwa hapa kuna mtu wa maombi. Mzee Gachau yuko wapi?"

Ngai! Gachau alisimama kabla jina halijaisha. Mugo akaja mwenyewe kumchukua, akamshika mkono, wakitembea polepole kuelekea mbele, huku akimnong'oneza kama mwana na baba yake. "Mzee, utuombee na mradi pia. Ushukuru tu kwa vile tumekuja pamoja, tumeelewana, watu wamekubali kupisha kwa amani. Maneno ya baraka tu. Si unajua namna ya kuyapanga?"

"Ni sawa, ni sawa," akasema Gachau. Alikuwa anaitazama maikrofoni. Haikuwa na waya. Maisha yake yote alikuwa ameombea maikrofoni za waya, zinazolia na kukatika, na sasa amewekewa mkononi kitu laini, chepesi, cha watu wakubwa.

Akafumba macho. Wote wakafumba macho. Na yule mzee akaomba, jamani. Alianza na uumbaji wa mbingu, akashuka na mto Chania, akapitia kwa majaji, akafika kwa Bwana Mugo na kumwita kijana wa baraka. Kisha akapaza sauti: "Na tunakushukuru, Baba, kwa kuwa watoto wako wa Maguniani, kwa roho moja na nia moja, wamekubali kupisha mradi huu kwa amani, bila manung'uniko, Baba, bila kunung'unika, kama vile Ibrahimu alivyotoka kwao alipoitwa. Wote tuseme..."

"Amina!" wakasema wote. Jentrix naye alisema Amina. Wewe ungefanya nini? Mtu akiomba unasema Amina. Haulizwi mtu ameomba nini.

Wakala. Kuku alikuwa mtamu, hilo hakuna aliyelikana hata baadaye. Baada ya chakula basi lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi, na Mugo hakuonekana tena.

Notisi zilipobandikwa milangoni, Maguniani hawakuelewa. Zilikuwa zimeandikwa kwa adabu ya ajabu. Zilisema kwamba, kwa kuzingatia uamuzi wa Mahakama ya Juu, wakazi walishauriwa kikamilifu, na kwamba wakazi wote, bila hata mmoja kupinga, walikubali kuhama. Waliombwa wawe wameondoka kabla ya mwezi kuisha. Walishukuriwa kwa uzalendo wao.

"Nani alikubali?" Jentrix alipiga kelele pale kioskini. "Atokee! Nani alikubali?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake. Fundi wa viatu akashuku wauza mboga, wauza mboga wakashuku wapangaji. Gachau ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisema aliyeuza kijiji alaaniwe, yeye na kizazi chake.

Jentrix akaenda Thika akamtafuta wakili, mwanadada anayeitwa Mbithe, mmoja wa wale wanaotetea watu wa mabati kwa moyo wote. Mbithe akafungua kesi Mahakama Kuu, tingatinga likasimamishwa kwa muda, na watu wa mradi wakalazimika kutoa ushahidi wao. Ushahidi ulikuwa video. Mbithe aliileta kwenye simu, akaiweka juu ya kaunta ya kioski kati ya sahani za omena, na kijiji kikasongamana kutazama.

Kwanza wakaona maporomoko. Kisha wakajiona wenyewe, wamejaa ukumbini, vichwa vimeinama. Kisha sauti. Hawakuhitaji kuona uso.

Ikafika kwa Ibrahimu. Halafu ile Amina, kubwa, nzito, ya kijiji kizima. Gachau alikuwa amesimama nyuma. Alishika nguzo ya kioski.

"Hayo yalikuwa maombi!" akasema. "Maombi, jamani! Nilikuwa nashukuru tu!"

"Ulikuwa unashukuru nini, mzee?" Jentrix akamgeukia. Hakupiga kelele safari hii, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ulikuwa unashukuru kwamba mimi nimekubali kulala nje na watoto? Nilikuambia saa ngapi?"

"Na wewe si ulisema Amina?"

"Nilisema Amina kwa sababu ni wewe!"

Gachau aliondoka pale. Alirudi nyumbani akamkuta Ngina ameshaanza kufunga vyombo kwenye mashuka, kimya kimya, kama mtu anayejiandaa kwenda safari fupi. "Acha," akamwambia. Ngina hakuacha. Alisema tu, "Kumbe tulihama siku ile, Baba Wamboi. Na mimi nilikuwa nimevaa kile kitambulisho, nikijiona." Gachau aliketi kwenye ile sakafu yake ya simiti, na moyo ukamuuma kama haujawahi kumuuma kwenye matanga yoyote aliyoombea.

Mbithe alimweleza jambo lilivyo. Watu wa mradi wanasema kulikuwa na mashauriano, na hii hapa Amina. Njia ni moja: Gachau asimame kizimbani aseme ukweli, kwamba hakuna mtu aliyekubali lolote na yeye alijua.

"Yaani niseme nilidanganya kwa maombi?"

"Useme ukweli, mzee."

"Siwezi kusema nilisahau?" Mbithe akatikisa kichwa. "Ama niseme nilishikwa na Roho, maneno yakatoka yenyewe?"

"Mzee, watakuuliza ni Roho gani anayejua habari za maegesho ya magari."

Mugo naye hakulala. Alimtembelea Gachau na kilo mbili za sukari, akazungumza juu ya hali ya hewa, kisha akataja kwamba mradi mkubwa kama huu unahitaji mtu wa kuuombea. Uzinduzi, kuweka jiwe la msingi, kila mwezi jambo moja au jingine. Angepewa kofia ya mradi. Angepewa kibanda cha bure sokoni, cha Ngina. Asichotakiwa kufanya ni kimoja tu: kukana maombi yake mwenyewe. "Na kweli, mzee, utamwambia Mungu nini?" akauliza Mugo kwa uchungu wa kuigiza.

Gachau alisema ni sawa, ni sawa, maana ndivyo alivyozoea. Lakini usingizi ulimkimbia. Akisema maombi yalikuwa ya kweli, nyumba zinaenda zote, na ya kwake ya kwanza. Akisema yalikuwa ya uongo, basi yeye ni nani tena Ruiru? Fundi wa cherehani akiharibu shati hulilipa. Yeye alikuwa ameharibu kitu ambacho hata bei yake haijulikani.

Mahakamani kule Thika alipewa Biblia aapie, akauweka mkono juu ya jalada alilokuwa amelishika tangu ujana. Maguniani yote ilikuwa imekaa nyuma. Wakili wa mradi alikuwa mpole, mnono, mwenye miwani ya kunasia puani.

"Mzee, wewe ni mtu wa Mungu. Hapa Ruiru na Thika, kila mtu anajua. Sivyo?"

"Wanasema hivyo."

"Ulipofumba macho siku ile, ukamwambia Mwenyezi Mungu kwamba watu wamekubali, ulikuwa unasema ukweli, ama ulikuwa unamdanganya Mungu?"

Gachau alimtazama Ngina. Alimtazama Jentrix. Akatafuta mahali pa kupita kati ya yale maneno mawili, akakuta hakuna.

"Nilidanganya," akasema.

"Ulimdanganya Mungu?"

"Hapana. Yeye hakuwa anadanganyika. Siku hiyo mimi sikuwa naongea na Mungu. Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilikuwa naongea na Bwana Mugo. Nilitaka anione." Akamgeukia jaji. "Na kuku alikuwa ananukia vizuri sana, Mheshimiwa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Waliocheka zaidi walikuwa wa kwake, watu wa Maguniani, waliokula kuku yule yule. Jaji akagonga meza. Yeye hakucheka. Gachau alisimama pale akichekwa, na machozi yakamtoka mbele ya watu, yeye aliyezoea kuliza wengine.

Hukumu ilisomwa baadaye. Jaji alisema kwamba maombi huelekezwa kwa Mungu, na Mungu hakuwa mkazi wa Maguniani wala hakuwa na nyumba ya kuvunjiwa. Mradi ulipaswa kuwauliza wakazi. Akasema neno la Mahakama ya Juu haliwezi kutimizwa kwa soseji. Notisi zikafutwa, na mradi ukaamriwa uanze upya: uende pale pale kijijini, uzungumze kwa lugha wanayoielewa, na uwape nafasi ya kujibu. Maguniani wakacheza tena. Mbwa wakahama tena. Safari hii aliyeomba kwenye sherehe alikuwa fundi wa viatu, maombi mafupi, yenye makosa, na watu wakasikiliza kila neno kwa makini kabla ya kusema Amina.

Ndivyo hukumu kubwa zinavyobadilisha jamii. Siku hizi kuanzia Ruiru hadi Thika, ofisa akiitisha mkutano, karatasi ya mwaliko inasema chini kwa herufi nzito: HAKUTAKUWA NA MAOMBI. Makanisa yamelalamika sana.

Na Gachau? Alikuwa na nyumba, lakini hakuwa na kazi. Matanga yalianza bila yeye. Akina mama wa chama cha kuchangiana walimpitia mlangoni wakasalimia, "Habari ya asubuhi, mzee," wakaendelea na safari. Hata mezani kwake Ngina alikuwa anajiombea mwenyewe, maneno manne, halafu anapakua. Hakumnyima chakula wala maneno mazuri, lakini ile nafasi hakumrudishia.

Mugo alirudi na hema, viti vya plastiki na maji ya chupa. Chakula hakikuwapo, amri ya korti. Alieleza kwa Kiswahili, kwa shida. Alipomaliza akauliza nani ana maoni, na kabla Jentrix hajainuka, mkono mwingine ulikuwa juu. Ulikuwa wa Gachau. Watu wakaguna. "Wuui, si huyu tena," akasema mtu.

Walimpa maikrofoni kwa sababu korti ilisema kila mkazi apewe. Akaishika kwa mikono miwili, akasimama mbele yao, ulimi umemkauka kama zamani. Na ile maikrofoni ilipokohoa, kijiji kizima, kwa mazoea tu, kikainamisha vichwa na kufumba macho: Ngina, fundi wa viatu, hata Jentrix. Mugo pia.

Gachau aliwatazama. Kila mtu aliyemjua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwona.

"Fumbueni macho," akasema.

Hawakusikia vizuri, au hawakuamini. Akarudia kwa sauti. "Jamani, siombi. Fumbueni macho mniangalie." Wakafumbua mmoja mmoja, wakipepesa kama watu walioamshwa. Akamgeukia Mugo, mwenye tai na kalamu mfukoni.

"Mimi naitwa Gachau. Nyumba yangu ni ile ya mlango wa bluu. Mimi sitaki kuhama."

Hakukuwa na mtu aliyesema Amina. Ngina ndiye aliyesogeza kiti chake, akamwonyesha mahali pa kukaa.